Nyumba nafuu Kigoma: mbunge ashike wapi?

Ukipita mitaa ya pembeni ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, huko Buhanda, Businde au Gungu, utayaona mapagala. Kuta zimefika lenta, nondo zimechomoza zinaliwa na kutu, sebuleni pameota magugu. Mengine yana watu tayari: chumba kimoja kimeezekwa bati, familia imehamia, vyumba vilivyobaki vinasubiri. Mgeni akiyaona husema ujenzi umekwama. Haujakwama. Hivyo ndivyo nyumba inavyopatikana kwetu: mwaka huu msingi, mwaka wa tatu kuta, kisha kupaua, halafu mlango mmoja mmoja, mpaka miaka 10 inakatika.

Naanzia hapo kwa sababu nyumba nafuu inapotajwa bungeni, mara nyingi kinachotajwa ni kitu kingine: nyumba iliyokamilika, imepakwa rangi, imejengwa na shirika na inauzwa kwa mkopo. Nyumba hizo zina nafasi yake. Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962, na mtumishi aliyehamishiwa Kigoma leo anahitaji pa kulala leo. Lakini mvuvi wa Kibirizi na mama anayeuza mawese Mwanga wanajenga wenyewe, na ndio walio wengi. Sera ya nyumba ipimwe kwenye pagala lao: imelipandisha kozi ngapi za tofali?

Tuichukue Sheria ya Fedha ya 2023. Ilisamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) kwenye nyumba isiyozidi shilingi milioni 50 inayouzwa na kampuni ya uendelezaji makazi. Sheria hiyo hiyo iliweka ushuru wa bidhaa wa shilingi 20 kwa kilo ya saruji, yaani shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Msamaha ukaenda kwa anayenunua nyumba iliyokwisha, ushuru ukaenda kwa anayejenga. Na kwa kuwa VAT ya asilimia 18 hukokotolewa ushuru ukiwa umeshaingia kwenye bei, ile 1,000 inafika dukani ikiwa 1,180.

Shilingi 1,180 inaonekana ndogo mpaka uhesabu mifuko. Nyumba ya mita 9 kwa 8, vyumba vitatu na sebule, ina kuta za nje na za ndani zenye urefu wa mita 56 hivi. Ukizipandisha mita 2.7 na kutoa milango na madirisha, unabaki na mita za mraba 130. Bloku za inchi 6 zinaingia 10 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo 1,300. Fundi mwaminifu hufyatua bloku 25 hadi 30 kwa mfuko. Hapo tayari ni mifuko 50. Zege la msingi linakula 30, bloku za msingi 15, jamvi la sakafu karibu 40, lenta 10 au 11, udongo wa saruji na mchanga wa kujengea 20, na ripu pande zote mbili 28 ikiwa fundi hapotezi. Jumla inakaribia 195. Anayejengea matofali ya kuchoma, kama wengi wa Kigoma, anaokoa mifuko ya kufyatulia na kubaki na kama 130. Kwa nyumba ya bloku, ushuru huo peke yake pamoja na VAT yake ni zaidi ya shilingi 225,000. Kwa fedha hizo mtu angenunua bati za chumba kizima.

Na kuna hasara isiyoonekana kwenye risiti. Saruji ikipanda bei, inapunguzwa ndani ya bloku. Wapo wafyatuaji wanaotoa 40 na zaidi kwa mfuko mmoja. Bloku hiyo ukiigonga kona inamomonyoka, ukiimwagia maji inayanywa yote papo hapo, na ukuta wake huanza kupasuka chini ya madirisha kabla hata ya ripu. Mwenye nyumba humlaumu fundi, lakini chanzo kinaweza kuwa kodi iliyopitishwa Dodoma mwezi wa sita, au nauli ya reli na lori, maana kutoka pwani mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa treni. Kwa nyumba ya mifuko 195, kila shilingi 2,000 ya usafiri kwa mfuko ni shilingi 390,000. Mkataba wa reli ya kisasa (SGR) kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Mbunge wa huku akiuliza kuhusu reli hiyo, asiishie kwenye mabehewa ya abiria. Aulize nauli ya tani moja ya saruji.

Mbunge anaweza nini hasa kwenye jambo hili? Wapiga kura wengi humwomba asichoweza, naye hukubali. Ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kushughulikia muswada wa kutoza kodi au wa kutumia fedha za Mfuko Mkuu wa Hazina bila pendekezo la Rais linaloletwa na Waziri. Kwa hiyo hakuna mbunge awezaye kuamka na muswada wake binafsi unaoiamuru Serikali ijenge nyumba 500 Kigoma. Lakini isome ibara hiyo kwa makini: kuhusu kodi, inataja kuitoza au kuibadilisha kwa namna yoyote isipokuwa kuipunguza. Mlango wa kupunguza haukufungwa. Mbunge anaweza kwenda kwenye Kamati ya Bajeti mwezi wa sita, Muswada wa Sheria ya Fedha ukiwa mezani, na hesabu ya mifuko kama hiyo hapo juu, na kuomba ushuru wa saruji upungue. Swali la kwanza atakaloulizwa ni pengo litazibwa na nini. Asiende bila jibu hilo. Serikali ikikubali, huingiza badiliko kwenye jedwali la marekebisho kabla muswada haujapita, na Julai 1 bei mpya inaanza.

Wengi hufika kwenye hatua hiyo wakiwa wamechelewa. Fedha za kupima viwanja, kulipa fidia na kuchonga barabara za mitaa huanza kwenye bajeti ya halmashauri, ambayo husukwa kuanzia Novemba na kupitishwa na Baraza la Madiwani ifikapo Februari, ndipo iende mkoani, TAMISEMI, kamati za Bunge mwezi Machi, na ukumbini kuanzia Aprili. Mbunge ni mjumbe halali wa baraza hilo, na ana kura. Anayekumbuka viwanja mwezi Mei, wakati hotuba ya Wizara ya Ardhi inasomwa, anakuta kitabu cha bajeti kimeshachapwa. Hata kushika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani kuuzuia usipitishwe mpaka atoe majibu, silaha inayopendwa sana kwenye televisheni, kunafaa tu pale mbunge anapokuwa na jambo moja dogo na lenye kipimo. Akidai "Serikali ina mkakati gani wa makazi bora Kigoma," atajibiwa kwamba mkakati upo na utatekelezwa kadri fedha zitakavyopatikana, na shilingi itarudi. Akitaja mchoro wa mipango miji wa mtaa fulani uliowasilishwa ofisi ya ardhi ya mkoa siku fulani na haujaidhinishwa mpaka leo, Waziri atalazimika kutoa tarehe, na tarehe hiyo itaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge.

Upande wa ardhi ndipo mbunge ana nafasi kubwa kuliko anavyodhani. Gharama ya kiwanja kipya haianzii kwa mpima. Inaanzia kwenye fidia ya shamba, na inakuzwa na ukubwa wa kiwanja. Tuseme, kwa mfano tu, manispaa inatwaa hekta 10 kwa fidia ya shilingi 1,500 kwa mita ya mraba. Barabara, shule, soko na maeneo ya wazi huchukua kama asilimia 40. Meta zinazobaki kuuzwa zinabeba fidia ya zile zilizotolewa, kwa hiyo kila mita ya kiwanja ina shilingi 2,500 ndani yake kabla mpima hajafika. Kiwanja cha mita 800 kimeshakuwa milioni 2. Cha mita 400 ni milioni 1. Madiwani wanapopitisha mchoro wenye viwanja vikubwa pekee kwa sababu "mji upendeze", wanawatoa maskini nje ya mchoro huo kabla ya mnada. Dai la mbunge kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira liwe uwiano: viwanja vya ujazo mkubwa, yaani vile vidogo, viwe vingapi kati ya 100, na viuzwe kwa awamu za miezi mingapi.

Mpango wa Kupanga, Kupima na Kumilikisha ulizipa halmashauri mikopo isiyo na riba kwa kazi hii. Wazo ni zuri mno: kopa, lipa fidia, pima, uza, rudisha, mwenzako akope. Unapoharibika, mara nyingi unaharibikia mwanzoni. Shamba linapimwa kabla mwenye shamba hajalipwa. Yeye anakataa kuondoka, au anaanza kuuza vipande kwa watu wake, na mnunuzi wa manispaa anafika na karatasi yake akute msingi wa mtu mwingine. Fidia ikichelewa zaidi ya miezi 6 inazaa riba. Viwanja vinasimama, mkopo hauwezi kurudishwa, na halmashauri ya pili inakosa. Mbunge anayetaka kujua kama mradi wa jimboni kwake utafika aombe hati moja tu: orodha ya malipo ya fidia yenye saini za waliolipwa.

Ujiji ni habari nyingine. Kitongoni, Kasingirima na Rubuga ni mji wa zamani kuliko mipango miji yenyewe, nyumba zimesogeleana, vichochoro vinapita mtu na baiskeli. Hapo njia ni urasimishaji. Unaanza na mkutano wa mtaa, inachaguliwa kamati, mipaka inatambuliwa majirani wakiwa wamesimama pale pale na kusaini, unachorwa mchoro wa mipango miji, unaidhinishwa, bikoni za mipaka zinazikwa, ramani ya upimaji inaidhinishwa, ndipo kila mmoja anaomba hati yake. Wizara iliwahi kuweka ukomo wa shilingi 150,000 kwa kiwanja kwenye kazi ya urasimishaji. Wananchi wengi huelewa kwamba fedha hizo zinaleta hati mkononi. Hapana, hizo ni za kupanga na kupima. Malipo ya hati yanakuja peke yake, kwa ankara yake, na baada ya hapo kuna kodi ya pango la ardhi kila mwaka.

Urasimishaji hufa kwa sababu mbili ninazoziona zikijirudia nchi nzima. Ya kwanza ni uchangiaji wa nusu. Mchoro ni wa mtaa mzima, hauwezi kuidhinishwa kwa nyumba 60 zilizolipa na kuruka 40 zisizolipa. Aliyelipa mwaka wa kwanza anangoja mwaka wa nne, anadhani ameibiwa, na mara nyingine kweli kampuni imeshaondoka na fedha. Dawa yake ni akaunti ya pamoja ambayo kampuni inalipwa kwa hatua: sehemu mchoro ukiidhinishwa, sehemu ramani ikiidhinishwa, na kamati ya mtaa iwe mtia saini. Mkataba wa namna hiyo baraza linaweza kuulazimisha kesho bila sheria mpya. Ya pili ni barabara. Kila mtu anataka gari la wagonjwa lifike, hakuna anayetaka ukuta wake uguswe. Kamati ikishindwa kuwashawishi wakazi waachie meta zao upande huu na ule, mchoro utarudishwa.

Sababu ya tatu ni ya Ujiji zaidi, na haizungumzwi vya kutosha. Nyumba nyingi ni za marehemu. Babu alijenga, wajukuu wanakaa, mirathi haikufunguliwa. Afisa ardhi anauliza mmiliki ni nani, anatajiwa jina la mtu aliyezikwa miaka 30 iliyopita. Hapo hati haitoki mpaka ateuliwe msimamizi wa mirathi mahakamani: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, fomu, tangazo, kisha mgawo. Cheti cha kifo chenyewe hakipo, kwa sababu enzi hizo mtu alizikwa bila kwenda kwa msajili. Familia inakata tamaa hapo hapo. Mbunge anaweza kuomba watu wa usajili wa vifo, msaada wa kisheria na karani wa Mahakama ya Mwanzo wakae wiki 2 kwenye ofisi ya kata wakati utambuzi wa mipaka unaendelea. Ni kazi ya kupiga simu na kuandika barua, na inafungua hati nyingi kuliko hotuba ya dakika 10. Mabinti wa marehemu nao wawemo kwenye muhtasari huo; kaka akijiandikisha peke yake, kesi hufuata hati.

Kandokando ya ziwa, ukweli usemwe mapema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Katonga na Kibirizi wanaijua mistari hiyo, na walioona Tanganyika ikipanda mwaka 2020 na 2021 wanajua pia kwamba ukingo wenyewe husogea. Mbunge anayewaahidi watu wa ufukweni kwamba atawapatia hati za pale walipo anawapeleka kwenye hasara. Awatafutie viwanja vya mbadala karibu na mwalo, kwa sababu mvuvi ukimpeleka mbali na mtumbwi wake atauza kiwanja na kurudi majini.

Sasa mikopo. Sheria ya Mikopo ya Nyumba ilipitishwa 2008, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC ya kuzipa benki fedha za muda mrefu. Pamoja na hayo, mikopo ya nyumba nchi nzima inahesabika kwa maelfu machache, katika nchi iliyohesabu watu 61,741,120 mwaka 2022. Sababu iko kwenye hesabu. Milioni 30 kwa miaka 15, riba asilimia 16, ni rejesho la kama shilingi 440,600 kila mwezi. Mpaka unamaliza umelipa milioni 79 na ushee. Riba ikishuka hadi 9, rejesho ni 304,300 na jumla karibu milioni 55. Mtumishi wa umma hawezi kukatwa mpaka abaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, na kabla ya benki kuna kodi, mfuko wa hifadhi na bima. Asiye na mshahara hata mlangoni hafiki. Halafu kuna saini ya mwenza: nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke, na ni haki kabisa iwe hivyo. Maombi mengi hukwama hapo kwa sababu tu mke aliambiwa siku ya mwisho.

Mwenye pagala hataki milioni 30. Anataka milioni 3 ya kupaua, ailipe kwa miaka 2 au 3, arudi tena kwa ajili ya milango. Mkopo wa hatua kwa hatua, kwa hati au leseni ya makazi, ndio unaofanana na ujenzi wetu, na hapo ndipo mbunge aelekeze swali lake kwa Waziri wa Fedha: fedha za mikopo midogo ya nyumba zimewafikia wakopeshaji wangapi walio Kigoma na Tabora?

Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inaweza pia kusogeza ukuta. Kikundi cha vijana chenye mashine ya tofali za kufungamana za udongo na saruji kinapunguza saruji na kinapunguza kuni za tanuru, ambazo mkoa huu umeshazilipa kwa miti ya kutosha. Ila udongo upimwe kwanza. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana na kina sentimita 4, jaza udongo uliolowa, uanike kivulini mpaka ukauke, upime umesinyaa kiasi gani. Ukisinyaa sana una mfinyanzi mwingi. Uongezewe mchanga au saruji, la sivyo tofali litapasuka. Na tofali likishafyatuliwa linyweshewe maji siku 7 chini ya kivuli. Vikundi vingi vilivyoshindwa viliuza tofali la siku ya tatu.

Umeme nao. Kuunganishiwa ndani ya mita 30 ni shilingi 320,960 kwa eneo la mjini na 27,000 kwa la kijijini, na manispaa ina mitaa ya pembeni ambayo kwa sura na kipato ni vijiji vilivyobadilishwa jina. Kuitaja mitaa hiyo kwa majina, kata kwa kata, na kudai ipangwe upya ni kazi ya mbunge mmoja kwa kikao kimoja.

Kwa hiyo mbunge akija kwenye mkutano wa hadhara mtaani kwako kabla ya Krismasi, nenda na karatasi yenye mambo matatu: namba ya mchoro wa mtaa wenu, tarehe ulipowasilishwa, na ofisi ulipolala. Mpe diwani nakala ya pili. Baraza la bajeti hukaa kabla Februari haijaisha.